UZI: Kufungua na kufunga upya injini, giaboksi na difu ya Camaro SS ya 1969

FundiV8 (mwenye uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko. Humu kila mtu akiuliza habari za magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini anajibiwa kwa picha na sifa, mada inaishia hapo. Mimi ni fundi, nipo Ohio, na gerejini nina Chevrolet Camaro SS ya 1969. Ilikuja injini ikila oili na kugonga chini, giaboksi inaruka gia ya tatu, difu (gia za ekseli ya nyuma) inalia ukiachia mafuta. Nimeshusha vyote vitatu. Nitaeleza kazi ilivyokwenda pamoja na vipimo vyake, maana fundi akisoma maelezo yasiyo na vipimo hapati cha kwenda nacho gerejini.

Gari lenyewe kwanza. Camaro za mwaka 1969 zilitoka 243,085. Nyingine zilitengenezwa Van Nuys, California, nyingine hapa hapa Ohio, kwenye kiwanda cha Norwood pembeni ya Cincinnati, kilichofungwa 1987. Hii ni ya Norwood. Namba ya chasisi inaanza na 124379N: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8 (silinda nane), 37 ni bodi ya milango miwili, 9 ni mwaka, N ni kiwanda. Injini ni 350, yaani inchi za ujazo 350, lita 5.7. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 300, ila zile farasi zilipimwa injini ikiwa peke yake, haijavaa ekzosi ya gari wala mizigo mingine. Kuanzia 1972 watengenezaji wa Marekani walipoanza kutangaza nguvu ya injini iliyovaa kila kitu, namba zilishuka kwa kishindo. Kwa hiyo tusilinganishe 300 hii na 300 ya gari la leo.

Msimamo wangu nausema mapema. Usinunue spea hata moja kabla ya kupima. Watu wanaagiza pistoni, ringi na beringi siku ile ile wanayoshusha injini, kisha wanakuta silinda imeliwa kuliko walivyodhani, au krenki (shafti kuu ya injini) ilishachongwa na mtu mwingine huko nyuma. La pili, injini, giaboksi na difu ni kazi moja. Ukirudisha nguvu yote mbele halafu nyuma ukaacha difu iliyochoka, hiyo difu haimalizi mwaka.

FundiV8

Kabla ya kupeleka bloku kwa wachongaji kuna jambo ambalo likiharibika halirudi. Juu ya bloku, mbele ya hedi ya kulia, kuna kijibapa cha chuma kilichosawazishwa. Hapo kiwanda kiligonga namba ya injini pamoja na sehemu ya namba ya chasisi. Zikilingana na gari, thamani inapanda sana. Sasa kijibapa kile kiko usawa mmoja na uso unaokaa gasketi ya hedi. Mchongaji akipitisha mashine kusawazisha uso, namba zinafutika. Mimi nilizungushia chaki, nikaandika kwenye karatasi ya kazi pasiguswe, na nikaongea naye ana kwa ana. Piga na picha, tochi ukiimulika kwa ubavu, ili ionekane ile mistari myembamba iliyoachwa na mkato wa kiwandani. Mnunuzi anayejua huitafuta mistari hiyo kabla hajasoma namba.

Kwenye kufungua, kila konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na kofia yake vipigwe alama kabla ya nati kulegezwa. Vilichongwa vikiwa pamoja. Ukichanganya, tundu haliwi duara tena. Silinda upande wa dereva ni 1, 3, 5, 7, upande wa abiria 2, 4, 6, 8, ukihesabu kutoka mbele.

Niliyoyakuta:

Sumpu ilikuwa na vipande vidogo vya plastiki, vingine vimekwama kwenye chujio la oili pampu. Hayo ni meno ya gia ya juu ya taimingi. Kiwanda kilitumia gia ya alumini yenye meno ya nailoni ili cheni isipige kelele, na nailoni ikizeeka inakuwa ngumu na kukatika. Ukikuta gari la namna hii halijawahi kufunguliwa, hata kama linatembea vizuri, fungua kava ya mbele uangalie.

Kamu (shafti inayofungua valvu) ilikuwa na nundu mbili zilizobapa, na tapeti zake, yaani vile vinavyosukumwa na nundu, zimechimbika chini katikati.

Kilichonifikirisha zaidi ni beringi ya meni (meni ndizo zinazobeba krenki kwenye bloku) ya tano, ya nyuma kabisa. Kwenye injini hii ndiyo inayozuia krenki isisogee mbele na nyuma. Ganda la chini rangi ya kijivu ilikuwa imeisha nusu upande mmoja, shaba ipo nje, na ule ukingo wa pembeni umeliwa hadi ukucha unakwama ukipitisha. Krenki ilikuwa inacheza mbele na nyuma zaidi ya inchi 0.012, wakati inatakiwa kati ya 0.002 na 0.006. Ulaji wa namna hii hauanzii kwenye oili. Unaanzia mguuni kwa dereva, mtu anayeegesha mguu kwenye klachi, au klachi iliyorekebishwa bila kuachiwa uchezaji, basi presha pleti inaisukuma krenki mbele saa zote. Ndiyo maana nasema huwezi kutengeneza injini ukaacha kilicho nyuma yake.

Fundi_Nakuru

Mkuu nimefuatilia, kazi safi. Lakini mimi hapa Nakuru nimefunga injini miaka mingi, za lori na za pikapu, na beringi naipima kwa mkono. Nafunga kofia, nazungusha krenki, ikizunguka kwa uzito ninaoujua najua iko sawa. Hizo maikromita ni bei, na mteja hataki kungoja. Unasemaje?

FundiV8

Mzee wangu, heshima yako. Mkono wa fundi mkongwe unakamata mambo mengi, na krenki inayokwama mkono unaisikia mara moja. Usichoweza kukisikia ni krenki iliyolegea. Nafasi ya inchi 0.002 na nafasi ya 0.004 zote zinazunguka laini ukiwa umepaka oili. Tofauti inakuja kuonekana oili ikishapata moto, gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyagwa mafuta), taa ya presha inaanza kupepesa.

Kama maikromita ni ghali kuna Plastigage, ile nyuzi ya nta. Hiyo mfuko wowote unaiweza. Unafuta krenki na beringi vikauke kabisa, unalaza kipande cha nyuzi juu ya krenki kwa urefu wake, unafunga kofia kwa torki kamili, na krenki usiizungushe hata kidogo. Ukifungua, nyuzi imebanwa ikawa bapa. Unalinganisha upana wake na kipimo kilichochorwa kwenye kifuko. Ikiwa pana sana nafasi ni ndogo, ikiwa nyembamba nafasi ni kubwa, na ikiwa pana upande huu na nyembamba upande ule, krenki yako imeliwa mshazari. Hilo la mshazari mkono hauwezi kukuambia.

Kanuni ya zamani ni inchi 0.001 ya nafasi kwa kila inchi moja ya unene wa krenki. Meni za injini hii ni inchi 2.45, za konrodi 2.10, kwa hiyo natafuta 0.002 hadi 0.0025. Nikipata 0.003 kwenye meni moja sifungi.

FundiV8

Tuendelee na karakana ya kuchonga.

Bloku ilioshwa ikapimwa nyufa kwa sumaku na unga wa chuma; penye ufa unga unajipanga mstari. Ikapona. Silinda nilipima juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, sambamba na krenki halafu kuikatiza. Kipenyo cha asili ni inchi 4.000. Silinda ya tatu ilikuwa imeliwa 0.008 pale juu ringi ya kwanza inapogeukia, nyingine kidogo chini ya hapo. Hilo honi, yaani kusugua ukuta wa silinda kwa mawe, haiponyi. Tukachonga ovasaizi ya 0.030 zote nane, ujazo ukawa inchi 355.

Hapa naomba mnisikilize vizuri wenye V8 za chuma cha zamani. Mchongaji amalizie honi akiwa amefunga bamba zito juu ya bloku, boliti zikiwa zimekazwa kwa torki ile ile ya hedi. Boliti za hedi zikikazwa zinavuta ukuta wa silinda. Silinda iliyochongwa duara bila bamba inapoteza uduara siku unafunga hedi, halafu unashangaa injini mpya inatoa moshi wa bluu. Wapo watakaokwambia si lazima. Kwangu mimi ni lazima, na kama karakana haina bamba hilo, natafuta nyingine.

Krenki ikachongwa 0.010 meni na konrodi. Baada ya hapo ndipo nikaagiza beringi za 0.010 na pistoni za 0.030. Pistoni mpya uzito wake si ule wa kiwandani, kwa hiyo krenki ikarudi kwenye mashine ya kubalansi pamoja na pistoni, konrodi, flaiwili na presha pleti.

Mgandamizo wa kiwanda ulikuwa 10.25 kwa 1, kwa petroli kali ya enzi hizo. Nimechagua pistoni zinazoushusha hadi karibu 9.5 ili mwenye gari asiishi na injini inayogonga kila akipanda mlima na petroli ya leo.

Hedi zimewekewa viti vigumu upande wa ekzosi. Zamani risasi iliyokuwa kwenye petroli ilitandika utando juu ya kiti cha valvu na kukilinda. Marekani petroli ya risasi ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani kuanzia Januari 1, 1996, na kwetu Afrika kusini mwa Sahara ilikoma mwanzoni mwa 2006. Bila risasi, valvu ya ekzosi inakula kiti laini cha chuma taratibu na kuzama ndani ya hedi. Wenye Land Rover za petroli za miaka hiyo jambo hili wanalijua.

Dereva_Houston

Kaka, kwa pesa zote hizi za kuchonga si ungeweka LS, ile V8 mpya zaidi? Chevrolet wenyewe wameitengeneza tangu 1997, unaikuta kwenye pikapu zilizopata ajali, bloku nyingine za alumini, ina injekta, haivuji. Hapa Texas vijana wote wanafanya hivyo. Nguvu zaidi, mafuta kidogo.

FundiV8

Ni kweli tupu, ndugu yangu. Camaro iliyofika bila injini yake ningemshauri mwenye gari achukue LS, na ningemfungia kwa roho safi. Hii ina bloku yake ya kuzaliwa, namba zinalingana na chasisi, na giaboksi pia imegongwa namba hizo hizo. Magari ya namna hii yaliyobaki kamili yanapungua kila mwaka, hakuna kiwanda kitakachotengeneza jingine. Nikiitoa bloku nikaiweka pembeni kwenye mapipa, mwenye gari wa tatu au wa nne hataijua ilipo. Hapo nguvu za farasi hazinishawishi.

FundiV8

Kufunga. Siku ya kufunga gereji nzima nilifagia na kumwagia maji siku moja kabla, vumbi likatulia. Bloku ikitoka kwa wachongaji hata kama wamekwambia imeoshwa, ioshe tena kwa maji moto na sabuni, brashi ndefu ipite kila njia ya oili, mpaka kitambaa cheupe ukipitisha kwenye silinda kitoke cheupe. Mchanga wa honi ndio unaoua ringi mpya.

Nafasi ya ncha za ringi ya kwanza ni inchi 0.004 kwa kila inchi ya silinda, hapa karibu 0.016. Kila ringi inapimwa kwenye silinda itakayoishi, ikisukumwa kwa kichwa cha pistoni ikae sawa. Ukisaga, saga kuelekea ndani, usivute nje utabandua ule utando wa usoni.

Konrodi mbili zinakaa kwenye kiwiko kimoja cha krenki. Kila konrodi ina upande uliokatwa pembe zaidi. Upande huo uangalie ukuta wa krenki, ule bapa uangalie konrodi mwenzake. Ukigeuza, ukingo wa beringi unapanda kwenye mviringo wa krenki na injini inakaza. Nafasi ya pembeni kati ya konrodi mbili nilipata 0.010, inaruhusiwa 0.008 hadi 0.014.

Torki: kofia za meni za boliti mbili ni futi-pauni 70, nati za konrodi za inchi 3/8 ni 45, hedi 65 kwa awamu tatu kuanzia katikati kwenda nje. Boliti za hedi za injini hii zinaingia kwenye njia ya maji, kwa hiyo kila moja ipakwe silanti kwenye nyuzi. Asiyepaka atapata maji yanayopanda kupitia nyuzi za boliti, naye atalaumu gasketi.

Oili sili ya nyuma ya krenki kwenye bloku za kabla ya 1986 ni vipande viwili. Usiache maungio yake yalingane na maungio ya kofia. Zungusha sili kidogo, upande mmoja uchomoze na mwingine uzame, kisha weka tone dogo la silanti pale zinapokutana. Magari mengi yanayodondosha oili nyuma yanadondosha hapo.

Taimingi sasa, kwa sababu watu wengi hupotea hapa. Vidoti viwili vikiangaliana, cha kamu chini na cha krenki juu, silinda inayosubiri kupiga ni ya 6, si ya 1. Ukiweka distributa ukielekeza waya wa kwanza hapo, injini inakohoa moto kwenye kabureta na haitawaka. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, ndipo namba 1 iwe juu kwenye mgandamizo. Mpangilio wa kupiga ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

Binti_Gereji

Shikamoo fundi. Nipo Dar, nafanya kazi gereji ya baba mdogo. Naomba kuuliza mbili. Kamu mpya mnaipakaje? Sisi tulifunga injini ya Chevrolet ya boti, kamu ikaisha ndani ya siku chache na hatukujua kwa nini. Na swali la pili, difu kulia. Pikapu nyingi zinakuja zinalia tu, tunabadilisha beringi bado zinalia.

FundiV8

Marahaba dada. Maswali yako ndiyo yenyewe, nitayajibu kwa kirefu.

Kamu ya aina hii, ya tapeti bapa, bapa yake si bapa kabisa. Uso wa tapeti una tumbo dogo, na nundu ya kamu imechongwa na mteremko kidogo, ili tapeti izunguke kadiri inavyopanda na kushuka. Ikizunguka, ulaji unagawanyika. Isipozunguka, nundu inasaga mahali pamoja na kamu inakwisha. Kwa hiyo tapeti zinabadilishwa pamoja na kamu, zote kumi na sita. Chini ya tapeti na kwenye nundu unapaka ile grisi nyeusi ya moli (molibdeni), ubavuni mwa tapeti unapaka oili tu, grisi ikiwa ubavuni inaizuia kuzunguka.

Oili nayo. Oili za magari ya kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi ili zisiharibu katalisti ya ekzosi. Kamu ya tapeti bapa inahitaji zinki hiyo. Tafuta oili ya kuvunjia injini, yaani ya kuzoeza injini mpya, chupa inaandikwa wazi kwamba ina zinki ya kutosha.

Halafu ule muda wa kwanza. Kabla ya kuwasha, jaza oili kwenye mishipa kwa kuzungusha pampu na drili kupitia tundu la distributa, kwa kufuata mshale wa saa, hadi oili itoke kwenye roka zote kumi na sita. Tumia bodi ya distributa ya zamani iliyotolewa gia, usitumie chuma kitupu, maana bodi hiyo ndiyo inayoziba njia ya oili ya upande mmoja. Injini ikiwaka usiiache sailensa. Ipandishe mara moja 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ikae hapo dakika 20 hadi 30, ukipandisha na kushusha kidogo kidogo. Kamu hailishwi oili kwa presha kwenye nundu zake, inategemea ile inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi. Kwa hiyo taimingi, mafuta kwenye kabureta na maji kwenye rejeta viwe sawa kabla hujagusa swichi, injini isisote kwa stata. Injini yenu ya boti ikiwa mliiwasha mkaiacha sailensa ili kusikiliza, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Kuhusu difu nakuja hapo chini, nikipita kwanza kwenye giaboksi.

Fundi_Nakuru

Hapo kwenye kamu nimekubali. Lakini kwa nini usiweke kamu ya rola tu, tapeti zenye magurudumu, uondokane na habari za zinki?

FundiV8

Zipo za kubadilishia kwenye bloku hizi za zamani, na ni nzuri, hazina habari ya kuvunjia wala zinki. Bei yake ni mara kadhaa ya hii. Mwenye gari alitaka sauti ile ile na kamu ya kipimo cha kiwandani, tukaenda hivyo. Gari la kutembelea kila siku ningemshauri rola bila kusita.

FundiV8

Giaboksi ni Muncie M20, gia nne, kava ya alumini, ilitengenezwa Muncie, Indiana. Uwiano wa gia ya kwanza ni 2.52. Kaka zake M21 na M22 ni 2.20, na M22 meno yake yamelala kidogo tu, hivyo yanahimili zaidi na yanalia zaidi, ndiyo sababu madereva waliipa jina la mvunja mawe.

Kuruka gia ya tatu kila mtu anakimbilia ringi za shaba za sinkronaiza. Nilizibadilisha, zilistahili. Ila sababu nyingine iko nje ya giaboksi. Nilifunga dayali geji kwenye flaiwili, ncha ikigusa tundu kubwa la kengele, ile nyumba ya klachi inayobeba giaboksi, nikazungusha krenki taratibu. Tundu lilikuwa nje ya mstari kwa inchi 0.009 na ukomo ni 0.005. Maana yake shafti ya giaboksi inaingia kwenye krenki ikiwa imepinda, kila mzunguko inavuta, na gia inatoka yenyewe. Zinauzwa pini za bloku zilizochongwa pembeni, unazizungusha mpaka tundu lirudi katikati. Sasa inasoma 0.002. Bushi ya shaba nyuma ya krenki nayo mpya.

Klachi ina uchezaji wa karibu inchi moja kwenye pedali. Mwenye gari nimemwonyesha kwa mkono, na nimemweleza habari ya ile beringi ya tano. Oili ya giaboksi ni GL-4. Salfa ya GL-5 si rafiki wa ringi za shaba.

FundiV8

Difu, dada wa Dar. Hii ni ya boliti kumi na mbili, kronwili ya inchi 8.875, yenye Positraction, ambayo inabana magurudumu mawili pamoja kwa mapleti ya msuguano. Uwiano ni 3.73.

Kubadilisha beringi bila kupima mahali pinioni inapokaa ndiko kunakofanya zilie tena. Beringi mpya haina unene ule ule wa ile ya zamani, pinioni inasogea hata inchi 0.003, na meno yanagusana mahali papya. Kronwili na pinioni zilisagwa pamoja kiwandani, hazichanganywi na za gari jingine. Unapaka rangi ya njano kwenye meno kadhaa ya kronwili, unazungusha huku mtu ameizuia kwa kipande cha mbao, halafu unasoma alama. Alama ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, punguza shimu. Ikikaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali. Ongeza shimu nyuma ya beringi kubwa. Unatoa, unafunga, unapaka tena. Inachosha, na hakuna njia ya mkato. Alama yangu ya mwisho ilikaa katikati ya urefu wa jino, mbali na ncha na mbali na shina.

Uchezaji kati ya kronwili na pinioni nimeuacha 0.008, unaruhusiwa 0.006 hadi 0.010. Kubana kwa beringi za pinioni ni inchi-pauni 22, beringi zikiwa mpya. Kile kibomba laini kinachobanwa kati ya beringi mbili ukikikaza kupita kiasi usilegeze nati kurudi nyuma, weka kingine. Nati iliyorudishwa inalegea njiani, na sauti ya kulia ukiachia mafuta mara nyingi ni pinioni iliyolegea namna hiyo. Positraction inahitaji na ile dawa ya msuguano ndani ya oili, bila hiyo inagugumia ukikata kona.

Krosi za propela mpya zote mbili. Mautingi ya injini pia. Mwaka 1971 Chevrolet waliita magari karibu milioni 6.7 yarudi kurekebishwa, yakiwemo Camaro za 1967 hadi 1969, kwa sababu mautingi yalikuwa yanaachana, injini inanyanyuka ukikanyaga, na inaweza kuvuta mafuta yenyewe. Mapya ya siku hizi yana chuma kinachoshikana hata mpira ukikatika. Yasiyo na ndoano hiyo msiyafunge kwenye V8.

Mswahili_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Oman magari haya yapo na watu wanayapenda sana. Yangu ni Camaro 350 pia, kabureta ya Quadrajet. Kiangazi ikikaa foleni inazima, ukiiacha ipoe inawaka. Plagi nzuri, rejeta nzuri.

FundiV8

Waalaykum salaam, shekhe. Mafuta yanachemka kabla ya kufika kwenye kabureta. Pampu imefungwa ubavuni mwa bloku, mpira na bomba vinapita karibu na ekzosi, na chini ya kabureta kuna njia ya moshi wa moto inayopita ndani ya manifoldi ili kuipasha injini wakati wa baridi. Kwa joto la kwenu njia hiyo izibwe, gasketi za kuizibia zinauzwa. Weka gasketi nene isiyopitisha joto kati ya kabureta na manifoldi, sogeza bomba mbali na hedi, na tafuta filta yenye bomba la kurudisha mafuta tanki, ili yasikae yakipikwa. Angalia na klachi ya feni kama inashika ikipata moto. Anza na gasketi, ndiyo rahisi.

Binti_Gereji

Asante sana fundi, difu nimeelewa, kesho naomba baba mdogo anunue rangi ya njano. Vipi injini, iliwaka?

FundiV8

Iliwaka stata ilipozunguka mara ya pili tu, tukaipandisha moja kwa moja hadi 2,200. Presha ya oili ikiwa ya moto ni 55 kwenye 2,500 na 22 sailensa; kanuni ya zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, kwa hiyo tuko juu. Baada ya nusu saa nilimwaga oili yote, nikakata filta kwa mkasi na kufungua karatasi yake juani. Vumbi jeusi la moli lipo, vipande vya chuma vinavyong'aa hakuna. Mgandamizo wa silinda zote uko kati ya psi 158 na 165.

Mwenye gari ameambiwa aendeshe kilomita 800 za kwanza bila kukanyaga hadi mwisho na bila kukaa mwendo mmoja muda mrefu, na difu aipe safari fupi fupi ikipoa katikati. Akirudi namwaga oili ya injini na ya difu, nakata filta tena, napima krenki inavyosogea mbele na nyuma. Nilipofunga ilisoma 0.004. Nitaweka humu kipimo kipya na picha za plagi.